Kabati la Bibi Chanzuru, na Mafundi Ambao Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Mdau, tuanze na aibu yangu kwanza, halafu ndiyo tuingie kwenye historia.

Mwaka juzi nilimjengea bibi yangu jiko jipya huko Chanzuru, wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Jiko la ndani, lenye sinki na bomba, siyo lile la uani la mafiga matatu. Nikataka na kabati za kisasa, zile tunazoziona Instagram kila siku: nyeupe, hazina vishikio, ukizigusa tu zinafunguka. Nikampata fundi wa Dar, ukurasa wake una picha kali balaa. Nikamtumia vipimo kwa WhatsApp na laki nane za kuanzia kwa simu. Vipimo nilipima mwenyewe, kwa utepe wa kushonea nguo wa shangazi. Cheka tu, hata mimi sasa hivi nacheka.

Kabati zikaja na lori. Upande mmoja pengo la kupitisha mkono mzima, upande wa pili haliingii hata ulisukume vipi. Ukuta wa bibi ni wa tofali za kuchoma, umejengwa na vijana wa jirani kwa macho na kamba, na haukunyooka kama ule wa kwenye picha. Nikampigia fundi, simu inaita tu. Kesho yake haiiti kabisa. Miezi minne baadaye bomba likavuja chini ya sinki, na ule ubao mweupe ukavimba kama andazi.

Bibi hakunisema. Alinishika mkono, akanipeleka sebuleni kwenye kabati lake la vyombo, la mninga, ambalo nimelikuta toka nazaliwa. Akasema, "Mjukuu wangu, hebu livute mbele kidogo."

Nyuma yake, kwenye ubao ambao hajawahi kuuona mgeni yeyote, kuna maandishi ya penseli. Urefu, upana, kina. Milango miwili ya kioo, miwili ya mbao, watoto wawili. (Wadogo zangu, droo zamani iliitwa mtoto: mtoto wa meza, mtoto wa kabati.) Chini yake kuna hesabu ya madebe ya mpunga: haya yamelipwa, haya yamebaki. Mstari wa mwisho umekatwa na penseli ileile. Deni limekwisha.

Kila kitu kimeandikwa pale, isipokuwa jina la fundi.

Nikamuuliza bibi alikuwa nani. Akasema alikuwa kijana wa karakana ya shamba la mkonge, mtu wa mbali, aliyekuja kutafuta kazi. Watu walimwita Fundi tu. Hapo ndipo nikaanza kufuatilia: hivi kabati lilifikaje Chanzuru? Na hawa watu wanaoitwa "Fundi" tu walitoka wapi?

KABLA YA KABATI

Nyumba za wazee wetu wa Usagara hazikuwa na kabati, na wala hazikupungukiwa kitu. Mahindi yalikaa darini juu ya moshi ili wadudu wasiyaguse. Vyungu vilikaa kwenye uchaga. Mbegu zilikaa kwenye kibuyu. Nguo zilikuwa chache, zinatundikwa kwenye kamba. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na aliyepatengeneza mahali hapo alikuwa mwenye nyumba mwenyewe.

Pwani hadithi ilikuwa nyingine. Ukiingia kwenye nyumba za mawe za zamani za Lamu utakuta ukuta mzima wa ndani una vishimo vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, vimepambwa kwa chokaa. Vinaitwa zidaka. Watu walipanga humo vyombo vya kauri na vitabu. Sasa niambie, hiyo si ndiyo kabati ya ukutani tunayoiita ya kisasa? Watu wa Lamu walikuwa nayo karne ya 18, na ilitengenezwa kwa kipimo cha ukuta uleule, hapohapo, na fundi aliyesimama mbele yake.

Unguja nako kulikuwa na milango ya kuchonga na masanduku. Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash ilijengwa mwaka 1883, na Mji Mkongwe wote ukaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Watalii wanapiga picha milango ile kila siku. Majina ya masultani tunayo, na ya matajiri wengi wenye nyumba tunayo. Ya waliopiga patasi, karibu yote hatuna. Hata yale masanduku ya njumu za shaba ambayo dunia nzima inayaita ya Zanzibar, mengi yalitengenezwa India na kuja kwa jahazi. Yaani fundi alipoteza jina, na mji wake nao ukapoteza sifa.

Sanduku ndilo lililotangulia kuingia bara. Njia ya misafara ilipita kwenye nchi hii yetu: kutoka Bagamoyo, kuvuka tambarare ya Mkata, kisha kupanda na bonde la mto Mkondoa. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na mvua za masika zilimkuta kwenye matope ya Mkata, akayalaani sana kwenye maandishi yake. Lakini mzigo ulikuwa kichwani na begani mwa wapagazi, kila mmoja na kama kilo 30 zake. Katika hali hiyo hakuna mtu wa kukubebea kabati. Ulibeba kitu kidogo chenye kufuli, basi. Ndiyo maana kwa wazee wengi "mali" na "sanduku" lilikuwa karibu neno moja.

RELI ILIVYOLETA RANDA

Kilichobadilisha mambo ni reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikaendelea kupitia Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Reli inahitaji stesheni, stesheni inahitaji milango, madirisha, meza ya karani, kabati la mafaili. Nyuma ya reli yakaja mashamba ya mkonge. Kimamba na Rudewa, majirani wa Chanzuru, yakawa maeneo ya mkonge. Shamba la mkonge lilikuwa na mitambo, na penye mitambo pana karakana, na kwenye karakana hakukosi benchi la seremala.

Mafundi wenyewe walitoka sehemu tatu. Wengine walifundishwa na misheni: mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa huko kazi za mikono, useremala ukiwemo. Wengine walikuwa Wahindi waliokuja na ufundi wao. Na wengine, nadhani ndio wengi zaidi, waliingia karakana kama vibarua wa kufagia maranda, wakaiba kazi kwa macho. Baadaye Waingereza wakafungua shule za ufundi, Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Moshi baada yake. Lakini kibarua wa kuiba kwa macho hakuisha. Mpaka leo yupo.

Hata lugha inatusimulia safari hii. Meza tumeipata kwa Wareno. Sanduku, bawaba na msumari ni Kiarabu. Gundi inatoka India. Kabati linatokana na Kiingereza, na kabla yake watu wa pwani walikuwa na almari, neno lililoanzia Ureno likazungukia India kabla ya kutua kwetu. Kabati moja la bibi, ndani yake kuna bahari nzima ya Hindi.

MIAKA YA KABATI LA VYOMBO

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa mwaka huohuo. Bei ya mkonge duniani ilikuwa imeshaanza kuporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni. Mashamba yakapunguza watu. Mafundi wa karakana wakatoka na kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kukitaifisha: mikono yao. Wakaingia vijijini.

Fundi wa bibi alikuwa mmoja wao. Bibi anasema alikuja na boksi la vifaa begani: randa, msumeno, patasi tatu na penseli sikioni. Alikaa kwao siku kadhaa. Kwanza hakupima chochote. Aliomba aone vyombo. Bibi akatoa sahani zake, vikombe vya harusi, birika, na ile chupa ya chai ambayo babu alitoka nayo Dar. Fundi akavipanga sakafuni kwenye mkeka, akavitazama, ndipo akachukua penseli. Yaani kabati lilipimwa kwa vyombo na kwa ukuta. Chupa ya chai ndiyo iliyoamua urefu wa rafu ya kati, na mpaka leo inaingia palepale bila kuinamishwa.

Mbao ilikuwa mninga. Kama huujui mninga, ni mti wa miombo, unaota kwenye misitu yetu ya Kilosa na sehemu nyingi za nchi. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na ubao wake ukishakauka unatulia: hauvimbi hovyo, haujikunji, mdudu anaukwepa. Fundi alikataa ubao mmoja babu aliokuwa ameununua kwa sababu ulikuwa bado mbichi. Babu alinuna. Bibi anasema walisubiri mpaka ukauke, na kabati likachelewa msimu mzima.

Na malipo, yaliandikwa nyuma ya kabati. Ikitokea ugomvi, kabati lenyewe ndiyo shahidi.

Miaka ile kabati la vyombo ndilo lilikuwa selfi ya familia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika, sabuni na sukari zikawa za foleni. Aliyekuwa na glasi sita zinazofanana nyuma ya kioo, na kitambaa cha kufuma juu yake, huyo alikuwa staa wa mtaa. Vyombo vyenyewe havikutumika. Vilikaa mle kungoja mgeni ambaye hakufika.

MAJI YALIPOTOA HUKUMU

Miaka ya 80 katikati milango ya biashara ikafunguliwa, enzi za ruksa. Bidhaa za nje zikamiminika, na polepole fanicha za ubao wa kubana nazo zikaingia: unga wa mbao na gundi, juu yake karatasi yenye picha ya mbao. Nyepesi, rahisi, zinang'aa. Sizisemi vibaya. Mtu wa mshahara mdogo naye anataka nyumba yake ipendeze.

Lakini Kilosa tulipata mtihani. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, mji wa Kilosa ukaingia majini. Zaidi ya watu 20,000 walikosa makazi, reli ya kati ikakatika, na watu wakaishi kwenye mahema muda mrefu. Shangazi yangu alikuwa anakaa Kilosa mjini. Maji yalipopungua alirudi kutafuta vitu vyake. Kabati la nguo alilonunua dukani lilikuwa limekuwa uji. Unashika mlango unabaki na mlango mkononi, kama mkate uliochovya kwenye chai ukausahau. Kitanda chake cha mninga, cha enzi za ndoa yake, kilikuwa kimejaa tope. Wakakiosha, wakakianika kivulini, na analalia mpaka leo.

Sasa usitoke hapa ukasema mninga kwa kila mtu. Hilo nalo lina historia yake. Mninga unakua taratibu sana, anayeupanda leo huenda asiuvune yeye. Misitu ilikatwa kwa mbao na kwa mkaa, na mkaa mwingi uliishia kwenye majiko ya Dar, yaani kwetu sisi. Serikali ikatunga Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mwaka 2004 ikazuia magogo yasiyochakatwa kwenda nje. Hapa Kilosa, kuanzia 2012, vijiji kadhaa viliingia kwenye mradi wa kusimamia misitu yao na kuvuna mkaa kwa mpango, wakiwa na TFCG na MJUMITA, ili pesa ya msitu ibaki kijijini. Kwa hiyo ukiagiza mbao ya asili, uliza ina alama ya nyundo ya maofisa wa misitu na kibali cha kusafirishia? Mbao ya bei ya kutupa bila karatasi, jua kuna mtu ameibiwa mahali, na huenda ni kijiji cha bibi yako.

Ipo njia ya katikati. Mtiki, ambao Wajerumani waliuleta nchini mwishoni mwa karne ya 19, unapandwa na kuvunwa mkoani kwetu. Paini ya Sao Hill kule Mufindi inatosha kwa sehemu zisizoguswa na maji. Hata ubao wa kubana una kazi yake, ila weka mbali na sinki.

NILIVYORUDI DARASANI

Baada ya kulivuta lile kabati, nikatafuta fundi wa karibu. Kijana tu, rika langu, mmoja wa wale walioiba kazi kwa macho halafu wakaenda kusoma chuo cha ufundi. Alipofika alimwamkia bibi shikamoo, akakaa, akanywa maji, kisha akasema, "Bibi, naomba nione unavyopika."

Nikaganda. Sentensi ileile, miaka hamsini baadaye.

Bibi akapika ugali. Kijana akatazama mkono wake unafika wapi bila kunyoosha bega. Bibi ni mfupi. Kabati za chini nilizoagiza Dar zilikuwa na sentimita 90 kwenda juu, kipimo cha kwenye picha. Yeye akaandika 80. Kabati za juu akazishusha. Ukuta akaupima mara tatu, chini, katikati na juu, akanionyesha tofauti: sentimita nne nzima. Akasema ukuta hauna kosa, ni kabati linalotakiwa kuufuata. Chini ya sinki akainua miguu ya kabati kutoka sakafuni, akaacha mgongo wazi ili bomba likivuja lionekane siku hiyohiyo na siyo baada ya miezi minne.

Kwenye pesa tukakubaliana hivi: mbao nanunua mimi, tunakwenda dukani pamoja. Ufundi unalipwa mara tatu: akianza, akisimamisha maboksi, na akimaliza, baada ya bibi mwenyewe kufungua na kufunga kila mlango. Tukaandika kwenye karatasi, tukaweka sahihi, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Yeye ndiye aliyedai karatasi, siyo mimi. Akasema, "Bosi, hata sisi tunaibiwa. Mtu anakuagiza kitanda, ukimaliza anakwambia hela imeingia kwenye msiba."

Hiyo kauli ilinigusa. Kwenye stori zetu mwizi ni fundi siku zote. Fundi kachelewa, fundi kala hela, fundi kazima simu. Sawa, wapo, na mmoja ana laki nane zangu. Lakini nikijiuliza kwa ukweli: mimi nilimpa nini yule wa Dar? Picha ya jiko la mtu mwingine, vipimo vya utepe wa cherehani, na haraka. Hakuwahi kumwona bibi, hajui kama ni mfupi. Sikumwomba aje, nilitaka kuokoa nauli. Siku hizi kuna treni ya umeme ya SGR, imeanza safari mwaka 2024 na Kilosa ina stesheni. Ningeweza kumleta asubuhi apime.

Na ukiangalia historia yote niliyokusimulia, mambo yanakwenda vizuri pale fundi na mwenye nyumba wanapoonana macho kwa macho: kwenye zidaka za Lamu, kwenye mkeka wa bibi. Yanaharibika pale kitu kinapotengenezwa kwa ajili ya "yeyote". Picha siyo tatizo, mpe fundi picha. Ila ajue ni picha ya ndoto, na nyumba ni hii hapa, na anayepika ni huyu hapa.

Kazi ilichukua wiki sita badala ya nne. Alinipigia kabla ya kuchelewa, siyo baada. Mlango mmoja uligoma kidogo, akaurudia bila kuombwa.

Siku ya mwisho, kabla hatujaisukuma kabati ya mwisho ukutani, bibi akaomba penseli. Akampa kijana. Akaandika nyuma: urefu, upana, kina, malipo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakata mstari. Akataka kurudisha penseli.

Bibi akakataa kuipokea. "Na jina lako, baba. La yule mwenzio sikuliuliza, na mpaka leo linaniuma."

Kijana akacheka kwa aibu, akaandika. Jina hilo sikuwekei hapa kwa sababu mwenyewe ameomba, anasema ataanza kusumbuliwa na wateja wa picha. Lakini lipo Chanzuru, nyuma ya kabati, na siku mjukuu wa mtu atakapolivuta mbele atalisoma.

Na wewe mdau, fundi aliyetengeneza kabati la kwenu unamjua jina? Kama wazee wako bado wapo, waulize leo.